Kwenda Pamoja Mlimani

Hotuba juu ya safari ya siku nne katika mlima Meru, na juu ya kugeuka kwa hali ya hewa



Nimeombwa niseme machache juu ya safari za kupanda mlima wetu. Kila mwaka makundi ya wageni, ya walimu na ya wanafunzi huingia mlango wa Momella ili kwenda kileleni, na vijana wengi wa Meru na Arusha hufuatana nao, wakiwa viongozi wa njia, wapishi na wapagazi. Wengi wetu tumezaliwa chini ya mlima huu. Twauona asubuhi tufunguapo mlango, na maji tunywayo hutoka kwake. Walakini kuuona mlima kila siku si kuujua.

Neno langu la leo ni moja, nalo ni hili: mlimani hali ya hewa hugeuka mara nyingi kwa siku moja, na kinga kubwa ya mtu si nguvu za miguu yake, bali ni kundi lisilotengana. Nitaeleza kwanza mlima ulivyo, kisha kwa nini hewa yake hugeuka, kisha safari ya siku nne ilivyo, na mwisho kanuni zinazowapasa walimu na wazazi kuzishika kabla hawajamruhusu kijana kupanda.

MLIMA ULIVYO

Wamasai na Waarusha huuita Oldonyo Orok, maana yake Mlima Mweusi. Kimo chake ni zaidi ya mita 4,560 juu ya usawa wa bahari, na katika Tanzania hakuna mlima uupitao ila Kilimanjaro peke yake, wenye mita 5,895. Mji wa Arusha uko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi. Basi mtu atokaye mjini akafika kileleni huwa amepanda mita zaidi ya 3,000.

Meru ni mlima wa moto. Zamani sana, miaka ipatayo 8,000 iliyopita kama wanavyokadiria wataalamu, ubavu wake wa mashariki ulibomoka ukaporomokea nchi ya Momella. Vilima vidogo vidogo na maziwa tuyaonayo huko leo ni alama za poromoko hilo. Kilichobaki ni ukuta mkubwa, mfano wa chungu kilichovunjika upande mmoja, na ndani yake umeinuka mlima mdogo wa majivu. Mwaka 1910 Meru ulitoa majivu kidogo, na tangu hapo umetulia.

Njia ya kileleni hupita juu ya ukingo wa ukuta huo. Upande mmoja ni mteremko wa mawe na mchanga wa majivu, na upande wa pili ni genge ambalo mahali pengine hufika mita 1,500 kwenda chini. Fahamuni jambo hili, kwa maana ndilo linaloufanya upepo na ukungu kuwa mambo makubwa katika mlima huu. Mtu akipotea njia katika shamba lake atachelewa chakula tu, lakini akipotea juu ya ukingo ule huenda asirudi.

Mwaka 1960 nchi ya shimo la Ngurdoto ilitengwa kuwa hifadhi ya taifa. Baadaye mlima Meru uliunganishwa nayo, na mwaka 1967 jina likawa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Kwa kuwa nyati na tembo hukaa katika mbuga na misitu ya chini, kundi halipandi pasipo kufuatana na askari wa hifadhi mwenye bunduki.

KWA NINI HEWA HUGEUKA

Watu husema kwamba mlima una hasira, au kwamba hauna mwenendo. Sivyo. Mlima una mwenendo wake, na mtu aweza kujifunza.

Sababu ya kwanza ni kimo. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Siku ambayo mjini Arusha kuna digrii 20 na watu wamevaa shati tu, kileleni maji yakaribia kuganda, na hapo bado hatujahesabu upepo. Upepo huondoa joto la mwili kama vile mtu apulizavyo chai ili ipoe. Tena mtu aliyelowa hupoteza joto upesi sana kuliko mtu mkavu, hata kama mvua ilikuwa manyunyu tu.

Sababu ya pili ni pepo za baharini. Wenzetu wa pwani wanazijua kwa majina yake, kusi na kaskazi, maana vyombo vyao vilisafiri kwa pepo hizo tangu kale. Pepo hizi huchukua unyevu wa Bahari ya Hindi zikauleta bara. Zikikutana na mlima hazina budi kupanda, na hewa ipandayo hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu na mvua. Ndiyo maana upande wa kusi una migomba, kahawa na vijito visivyokauka, na upande wa pili hupata mvua chache. Mtu akitoka Nkoaranga akazunguka mlima mpaka Ngare Nanyuki, ataona mambo haya kwa macho yake, kutoka kwenye matope hata kwenye vumbi, na mlima ni ule ule mmoja.

Sababu ya tatu ni jua. Alfajiri mara nyingi mlima huwa wazi. Jua likipanda, hewa ya mabondeni hupata joto ikapanda mlimani, na ifikapo saa tano au saa sita mchana mawingu huwa yamekwisha kufunika mabega ya mlima. Alasiri hunyesha, hasa majira ya mvua, na pengine kwa ngurumo na radi. Usiku hewa ya baridi hushuka, na mbingu hutakata tena. Basi mwenye akili hutembea asubuhi, na alasiri huwa amekwisha kufika penye paa.

Tena liko jambo moja linalowadanganya wengi. Katika mwezi wa Juni na Julai mji wa Arusha hufunikwa na mawingu mazito, na watu hudhani kwamba mlimani kuna mvua kubwa. Kumbe mara nyingi mawingu hayo ni blanketi tu, na mtu akiisha kuyapita hukuta jua na mbingu ya samawati, na mawingu yamelala chini yake kama bahari. Usiku wa miezi hiyo hiyo umande huganda kuwa barafu juu ya majani. Kinyume chake, yaweza kutokea mji ukawa na jua zuri, na huku juu upepo unavuma hata mtu hawezi kusimama wima. Haifai basi kuupima mlima kwa mbingu ya mji.

Majira yafaayo kupanda ni kutoka Juni mpaka Oktoba, na tena Januari na Februari. Wakati wa masika, tangu Machi hata Mei, njia huwa telezi na vijito hujaa, na vuli pia huleta mvua nyingi katika Novemba na Desemba.

SAFARI YA SIKU NNE

Siku ya kwanza kundi hutoka Momella, penye kimo cha mita 1,500 hivi, likapita mbuga penye nyati, twiga na ngiri, na kuingia msituni. Ziko njia mbili. Moja ni fupi, na nyingine huzunguka msituni na kupita chini ya mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, ambao mizizi yake imefanya tao kama mlango. Humo mtu huona mbega wakiruka, na miti ya podo na mierezi. Jioni hulala Miriakamba, kwenye mita 2,514. Siku hii huonekana rahisi, na kwa hiyo ndiyo siku ya makosa. Vijana wenye nguvu hutangulia mbio, wakafika wamelowa jasho, wakakaa na nguo zile zile hata jua likashuka.

Siku ya pili njia hupanda kwa ngazi nyingi mpaka mahali paitwapo Mgongo wa Tembo. Msitu hupungua, na miti huwa imevaa ndevu za kijivu zining'iniazo. Baadaye miti hubaki kuwa vichaka tu, na ukungu hupita kati ya watu. Kituo cha usiku ni Saddle, yaani Tandiko, bonde lililo kati ya Meru Mkubwa na Meru Mdogo, kwenye mita 3,570. Wenye nguvu hupanda Meru Mdogo alasiri wakarudi, na hilo ni jema, maana mwili hujifunza hewa ya juu kisha hulala chini.

Lakini angalieni hesabu. Kutoka Miriakamba mpaka Tandiko mtu amepanda zaidi ya mita 1,000 kwa siku moja. Waganga hushauri kwamba mtu akipita mita 3,000 asiongeze kimo cha kulala kwa zaidi ya mita 500 kila usiku. Kundi lenye wageni wa milima, au lenye vijana wasiopata kupanda, lingefanya vyema kulala siku mbili Miriakamba. Gharama ya siku moja ni ndogo kuliko gharama ya machela.

Usiku wa kuamkia siku ya tatu ndio wenye mtihani. Kundi huamshwa na kuondoka saa saba au saa nane za usiku, kwa tochi, ili lifike kileleni karibu na macheo. Hupita mahali paitwapo Rhino Point, kisha mwamba mtupu, kisha ukingo niliowaeleza. Miamba ile ikiwa na maji au barafu huteleza. Kileleni, ambapo paliitwa Kilele cha Ujamaa, hewa ni haba, kipimo chake ni zaidi kidogo ya nusu ya ile ya pwani. Anayejaliwa mbingu safi huona jua likichomoza upande wa Kilimanjaro, na ndani ya shimo huuona mlima mdogo wa majivu chini ya miguu yake. Kisha hushuka mpaka Tandiko, akapumzika, akashuka tena mpaka Miriakamba. Ni safari ya saa nyingi, na ajali huwapata watu katika kushuka, wakati magoti yamechoka na mawingu ya mchana yanapanda.

Siku ya nne ni kurudi Momella. Hapo kila mtu yuko karibu na nyumbani, na kila mtu hutaka kukimbia. Nyati hawajui kwamba safari imekwisha.

KANUNI ZA KUNDI

Sasa nasema na walimu na wazazi. Kanuni ni tano.

Kwanza, mwendo wa kundi ni mwendo wa mtu wa mwisho. Kiongozi mmoja atangulie, na mwingine mwenye uzoefu awe nyuma kabisa, wala mtu yeyote asiwe nyuma yake. Kila mahali pa kupumzika watu wahesabiwe. Desturi mbaya niijuayo ni hii: wa mbele hupumzika wakiwangoja wa nyuma, na wa nyuma wakiisha kufika, wa mbele huinuka na kwenda. Hivyo aliye dhaifu hapati pumziko hata kidogo, na aliye hodari hupumzika mara mbili. Basi mapumziko yaanze afikapo wa mwisho.

Pili, kila mwili uwe na nguo zake, na mpagazi ni mwili. Nasema hivi waziwazi kwa sababu mara nyingi mgeni huwa na makoti matatu, na kijana amchukuliaye mzigo ana shati, kanda mbili, na mfuko wa nailoni wa kujifunika. Mvua haiulizi nani amelipa. Kabla ya kuondoka mizigo ifunguliwe na kutazamwa: koti la mvua, sweta, kofia, glavu, viatu vilivyofunga, blanketi, na jozi moja ya nguo kavu iliyofungwa katika mfuko usiopitisha maji, isiyoguswa mpaka jioni. Sokoni Arusha makoti ya mitumba hupatikana kwa bei nafuu. Asiyekuwa na nguo hizo asivuke mlango wa Momella, na aliyemwajiri ndiye wa kulaumiwa, si yeye.

Tatu, saa ya kugeuka iwekwe jioni, penye moto, kabla watu hawajachoka. Mathalan, isemwe kwamba ikifika saa mbili asubuhi na kilele bado ki mbali, kundi litageuka, au kwamba ngurumo ikisikika hakuna atakayekanyaga ukingo. Mtu aliyechoka na aliyekwisha kutoa fedha hana akili nzuri ya kuamua, kwa hiyo aamue mapema.

Nne, watu watembee wawili wawili, na kila mmoja amchunguze mwenziwe. Mtu aliyeshikwa na baridi kali hutetemeka kwanza, kisha ulimi huwa mzito, hujikwaa, na hutoa maneno yasiyo na maana. Akiacha kutetemeka na hajapata joto, hatari imekuwa kubwa. Yeye mwenyewe hajijui, na atasema kwamba yu mzima. Aondolewe penye upepo, avuliwe nguo zilizolowa, avikwe kavu, afunikwe pamoja na kichwa, na kama aweza kumeza apewe uji au chai yenye sukari. Pombe asipewe, maana humfanya aone joto na huku mwili wapoteza joto.

Ugonjwa wa mlima nao una dalili zake: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa usingizi na kukataa chakula. Aliye hivyo asipande zaidi mpaka apone. Lakini akianza kuyumba kama mlevi, au akakohoa na kukosa pumzi hata amekaa, dawa ni moja, ashushwe mara moja, hata ikiwa ni usiku wa manane. Wala asishuke peke yake.

Tano, kusema “siwezi” kusiwe aibu. Hii ndiyo kanuni ngumu kuliko zote, hasa kwetu. Kijana wetu hufundishwa kuvumilia, na uvumilivu ni tabia njema. Lakini yuko kijana anayeficha ugonjwa wake kwa kuwaogopa wenzake watakaomcheka, na yuko mpagazi anayeuficha kwa kuogopa kukosa ujira. Wa kwanza aokolewe na mwalimu, kwa kuwaambia wote mapema kwamba atakayesema kweli atasifiwa. Wa pili aokolewe na mwajiri, kwa kumwahidi kwamba akirudishwa kwa ugonjwa atalipwa siku zake. Pasipo ahadi hiyo, kanuni nyingine zote ni maneno matupu.

MFANO WA ZAMANI

Pengine mtu atasema kwamba kugeuka ni woga. Namjibu kwa habari ya jirani yetu, Kilimanjaro. Mwaka 1887 Mdachi mmoja, Hans Meyer, alijaribu kuupanda akazuiwa na barafu, akarudi. Mwaka 1889 alikuja tena pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingoni mwa shimo, wakaona kwamba kilele kiko mbali bado na wakati umekwisha. Wakageuka. Walishuka kambini, wakapumzika, wakapanda tena, na tarehe 6 Oktoba walisimama kileleni. Kama wangalishupaa siku ile ya tarehe 3, labda tusingelisikia habari zao.

Tena kuna mtu wa tatu ambaye hatajwi sana. Mwini Amani, mtu wa Pangani, mzaliwa wa pwani asiyezoea baridi, alikaa katika kambi ya juu akiitunza, akawasha moto na kuwangoja wale wawili. Na watu wengine walipanda na kushuka kutoka Marangu wakileta chakula. Vitabu vimeandika majina mawili kwa herufi kubwa, lakini kilele kilifikiwa na kundi. Kama moto wa Mwini Amani ungalizimika, wale wawili wangalirudi mahali pasipo joto wala chakula.

MWISHO

Basi, wazee na walimu, sisemi vijana wasipande. Nasema wapande. Ni vema mtoto wa Meru aone kwa macho yake mito yake itokako, na ajue kwa nini msitu wa juu usikatwe, maana msitu huo ndio unaoyashika mawingu na kuyageuza maji ya mifereji yetu. Hilo ni somo ambalo ubao na chaki haviwezi kulifundisha sawasawa.

Lakini mzazi akiletewa karatasi aitie sahihi ili mwanawe apande, aulize kwanza maneno matatu. Nani atakuwa nyuma kabisa? Saa ya kugeuka ni ipi? Je, wapagazi wana makoti? Mwenye safari akijibu yote matatu bila kusitasita, mzazi atie sahihi na kumwombea mwanawe heri. Akisita hata kwa moja, kalamu iwekwe chini mpaka jibu lipatikane.

Na ninyi vijana mtakaochukua mizigo, mkumbuke kwamba idadi iliyotoka Momella siku ya kwanza ndiyo itakiwayo kurudi Momella siku ya nne. Kufika kileleni ni furaha ya saa moja. Mkihesabiwa langoni na hesabu ikatimia, hapo ndipo mseme kwamba mmeupanda mlima Meru.